Nani kasema maneno hayafungi mabao?

Yapo matusi ambayo ukiyachambua neno kwa neno huoni tusi ndani yake, na mojawapo ni hilo la kusema kwamba mtu fulani ni "maneno tu". Mwanasiasa akituvunja moyo twasema ni maneno tu. Katika uwanja wa kandanda nako, kocha anayeweza kueleza kwa ufasaha kile anachokitaka hushukiwa mara moja, kana kwamba ufasaha ni pazia la kufichia upungufu. Mimi mkate wangu hutokana na kuyachunguza maneno, na kwa hivyo msomaji ataniwia radhi nikisema kwamba tuhuma hiyo nimekuwa nikiipokea kana kwamba imeelekezwa kwangu. Leo ningependa kuijibu, si kwa nadharia, bali kwa kuyatazama maisha ya mtu mmoja aliyetuhumiwa hivyo kuliko wengi wa wenzake: Jorge Valdano wa Argentina, mshambulizi aliyegeuka kocha, ambaye Wahispania walimpachika jina la Mwanafalsafa. Wapo waliolitamka jina hilo kwa heshima. Wengi walilitamka kwa kebehi.

Kwa wanafunzi, ambao huenda jina hilo ni geni masikioni mwao, nitaeleza kwa ufupi. Valdano alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1955 huko Las Parejas, mji mdogo wa mashambani katika mkoa wa Santa Fe. Alianzia klabu ya Newell's Old Boys mjini Rosario, na mwaka 1975, akiwa kijana wa miaka kama ishirini, akavuka bahari kwenda Uhispania kuichezea Alavés, timu iliyokuwa daraja ya pili. Huko alidumu miaka minne, akahamia Zaragoza kwa mitano, na mwaka 1984 akasajiliwa na Real Madrid. Hakuwa fundi wa kuusaili mpira kama Diego Maradona, mwenzake katika timu ya taifa. Alikuwa pande la mtu, mwenye hatua ndefu na kichwa kikali, mshambulizi ambaye mabao yake yalitokana na kujua mahali pa kusimama zaidi ya yalivyotokana na uchawi wa miguu. Akiwa na Madrid alitwaa Kombe la UEFA mara mbili, 1985 na 1986, na ubingwa wa ligi mara mbili, 1986 na 1987.

Katika miaka hiyo ya Madrid ndipo lilipotokea jambo ambalo humvutia mwanaisimu kuliko mtu mwingine yeyote. Timu hiyo ilikuwa na tabia ya ajabu: ilicharazwa vibaya ugenini katika mashindano ya Ulaya, kisha ikarejea nyumbani, katika uwanja wa Santiago Bernabéu, na kuyapindua matokeo. Mwezi wa Desemba 1984 Anderlecht ya Ubelgiji ilifika Madrid ikiwa na akiba ya mabao matatu kwa nunge. Iliondoka imechapwa 6-1, Emilio Butragueño akiwa amefunga matatu na Valdano mawili. Mwaka uliofuata Borussia Mönchengladbach ya Ujerumani Magharibi iliilaza Madrid 5-1. Katika mechi ya marudiano Madrid ilishinda 4-0, mawili kati ya hayo yakiwa ya Valdano, na kwa kuwa jumla ilikuwa sare ya 5-5, lile bao moja la ugenini ndilo lililoivusha.

Walioyashuhudia hayo walisema ni bahati, au ni kelele za mashabiki. Valdano aliyatafutia jina. Alikuwa bado mchezaji, lakini alishika kalamu akaandika makala, na ndani yake akakopa istilahi ya waigizaji: miedo escénico, ile hofu inayomshika mtu anapotokeza mbele ya hadhira, ulimi ukamkauka na magoti yakalegea. Tukitaka kuitia katika Kiswahili twaweza kusema kiwewe cha jukwaani. Na tazama, msomaji, jinsi alivyoigeuza. Katika tamthilia anayetishika ni yule aliye mwenyeji wa jukwaa, huku wageni wakiwa wameketi vitini wakimtazama. Katika matumizi ya Valdano mwenyeji yu salama kabisa. Anayetetemeka ni mgeni aliyeingia jukwaani kwa watu. Huo ni uhamishaji wa maana ambao mwanafunzi wa semantiki angeweza kuuandikia tasnifu nzima.

Jina likaenea. Magazeti yakalichukua, watangazaji wakalikariri, na timu zilizokwenda Bernabéu baada ya hapo zikawa zinajua, kabla hata ya kushuka ndegeni, kwamba lipo jambo linalozisubiri na kwamba jambo hilo lina jina. Siwezi kupima ni mabao mangapi yaliyofungwa na neno hilo, wala sidhani yupo awezaye. Lakini mwalimu yeyote aliyewahi kumwita mtoto mjinga anajua kwamba jina likishawekwa juu ya kitu, kitu nacho huanza kulifuata jina.

Hapa naomba ruhusa ya kutoka kando kidogo. Nilipokuwa kidato cha pili nilikuwa mshambulizi wa timu ya bweni letu, si hodari sana, lakini mwenye moyo. Siku moja katika mechi ya mabweni nililetewa mpira mbele ya lango lililo wazi, nami nikaupaisha juu ya mwamba. Mwalimu wa michezo aliita kutoka kando ya uwanja, shule nzima ikisikia: "Toka nje, gogo wewe!" Shule sitaitaja, wala mwalimu huyo, ambaye sidhani kama alilikumbuka neno lake hata kufikia chakula cha jioni. Wenzangu walilikumbuka. Nilikuwa Gogo mpaka nilipomaliza kidato cha nne, na tangu siku ile sikuuingia tena uwanja nikiwa mchezaji. Labda kandanda ya Kenya haikupoteza kitu. Hata hivyo, nimefundisha chuo kikuu kwa miaka mingi, nimesimama mbele ya kumbi zilizojaa watu, na bado kila ninapokosea jambo hadharani neno la kwanza linalonijia akilini ni hilo.

Tangu hapo nimekuwa na desturi, ambayo mke wangu huiona ni ya kichaa, ya kusimama kando ya viwanja vya shule nikasikiliza badala ya kutazama. Nimegundua kwamba lugha ya wengi wa makocha wetu ina hali moja tu ya kitenzi, nayo ni amri. Kimbia! Piga! Rudi! Amka! Toa! Si kwamba naidharau amri, maana ina mahali pake. Mtoto mwenye mpira miguuni na beki mgongoni hana nafasi ya kusikiliza sentensi changamano. Lakini amri haielezi kwa nini. Na zaidi ya amri, kinachobaki aghalabu ni majina ya wanyama na ya vitu visivyo na uhai. Majirani zetu wa Tanzania humwita kocha mwalimu, na mimi nimeupenda sana msamiati huo, kwa sababu unamdai mhusika jambo ambalo neno kocha halimdai.

Sasa tumrudie Valdano. Nchini kwao Argentina kulikuwa na vita vikali vya maneno kuhusu mchezo huu. Upande mmoja alisimama César Luis Menotti, mzaliwa wa Rosario, aliyeiongoza Argentina kutwaa Kombe la Dunia mwaka 1978, naye aliamini kwamba timu ina deni kwa watazamaji, kwamba ushindi usiopendeza haujakamilika. Upande wa pili alisimama Carlos Bilardo, daktari kwa taaluma, aliyeamini kwamba deni la timu ni moja tu, kushinda, na kwamba historia haimkumbuki mshindi wa pili. Kihispania kiliunda nomino mbili kutokana na majina yao. Sisi twaweza kuziunda kwa wepesi zaidi kwa kiambishi chetu u-, tukapata umenotti na ubilardo, kama tulivyopata ujamaa na ubepari. Kulinganisha huko si mzaha. Waargentina waligawanyika kwa majina hayo katika mikahawa, magazetini na hata ndani ya familia, kama watu wanavyogawanyika kwa itikadi. Menotti alifariki dunia mwaka 2024, na mabishano hayakuzikwa pamoja naye.

Valdano alikuwa mfuasi wa Menotti waziwazi. Menotti ndiye aliyemchukua katika Kombe la Dunia la 1982 nchini Uhispania, ambako aliumia mapema na mashindano yakaishia hapo kwake. Lakini utukufu wake mkubwa kabisa aliupata chini ya Bilardo, huko Meksiko mwaka 1986. Alifunga mabao mawili dhidi ya Korea Kusini, moja dhidi ya Bulgaria, na moja katika fainali dhidi ya Ujerumani Magharibi, tarehe 29 Juni, katika uwanja wa Azteca. Bao hilo la fainali lastahili kuelezwa. Bilardo alikuwa amempa Valdano kazi ambayo washambulizi huichukia, yaani kumwandama Hans-Peter Briegel, yule Mjerumani mwenye mapafu ya farasi, popote aendapo. Kwa sababu hiyo Valdano alikuwa nyuma kabisa, katika nusu ya Argentina, mashambulizi yale yalipoanza. Akaukimbia uwanja karibu wote kuelekea mbele, akapokea pasi akitokea upande wa kushoto, akamwangalia kipa Harald Schumacher, na kwa utulivu wa mtu anayefunga barua akausukuma mpira kwa mguu wa kulia hadi wavuni. Ikawa 2-0. Wajerumani walisawazisha, na Jorge Burruchaga akafunga la tatu lililowapa ubingwa. Ningesema kwamba ubilardo ndio uliompeleka nyuma na umenotti ndio uliomrudisha mbele, ingawa wafuasi wa pande zote mbili wangenipiga mawe.

Siku saba kabla ya fainali hiyo, katika mechi dhidi ya Uingereza, Maradona alifunga lile bao ambalo aliwapita Waingereza mmoja baada ya mwingine tangu katikati ya uwanja. Valdano alikuwa akikimbia sambamba naye, akingoja pasi ambayo haikuja. Amesimulia mara nyingi kwamba baadaye, katika chumba cha kubadilishia nguo, Maradona alimweleza kuwa muda wote ule alikuwa akimwona na akitafuta njia ya kumpa mpira, ila kila mara alitokea Mwingereza mwingine wa kupitwa. Valdano alistaajabu: yawezekanaje mtu afanye yote yale na bado awe na jicho la ziada la kumwona mwenzake? Simulizi hiyo tunayo kwa sababu aliyekuwapo alikuwa na macho ya kuona na lugha ya kusema. Wachezaji kumi wengine walikuwa uwanjani.

Mwaka 1987 aliugua homa ya ini, na akiwa na umri wa miaka 31 ikambidi aache kucheza. Alijaribu kurudi ili aende na Argentina kwenye Kombe la Dunia la 1990 nchini Italia. Akajifua kwa miezi, akaumia, na mwishowe akaachwa nje ya kikosi. Basi akawa mtu wa redio, televisheni na magazeti. Wakati huo ndipo tuhuma ya maneno ilipoanza kumwandama kwa dhati, kwa kuwa sasa hakuwa na mabao ya kuitetea midomo yake.

Mwezi wa Aprili 1992 alipewa nafasi ya kuthibitisha. Tenerife ni kisiwa cha Uhispania kilichoko katika Bahari ya Atlantiki, karibu na pwani ya Afrika kuliko kilivyo karibu na Madrid, na timu yake ilikuwa katika hatari ya kushushwa daraja. Valdano alikwenda huko na msaidizi wake Ángel Cappa, Muargentina mwenzake. Waliiokoa timu. Kisha ikaja siku ya mwisho ya msimu, tarehe 7 Juni 1992. Real Madrid, klabu ileile iliyomfanya Valdano awe maarufu, ilifika kisiwani ikiwa kileleni mwa ligi, ikihitaji ushindi tu ili itawazwe. Ilifunga mawili ya kwanza. Tenerife, ambayo haikuwa tena na cha kupoteza wala cha kupata, ingeweza kulala. Haikulala. Ilishinda 3-2, na kombe likaenda Barcelona kwa Johan Cruyff.

Hayo yangeweza kuitwa ajali. Lakini mwaka uliofuata, tarehe 20 Juni 1993, ratiba ilizirudisha timu zilezile kwenye uwanja uleule katika siku ya mwisho ileile, Madrid ikiwa tena kileleni. Tenerife ilishinda 2-0, na kombe likaenda tena Barcelona. Msimu huo timu hiyo ya kisiwa, ambayo mwaka mmoja uliotangulia ilikuwa ikihofia kushuka, ilimaliza ya tano na kufuzu kwa Kombe la UEFA kwa mara ya kwanza katika historia yake. Sasa nauliza, na ninawauliza hasa wale wanaotaja maneno tu: wachezaji wa Tenerife walikuwa karibu walewale, klabu haikuwa na fedha za kushindana na vigogo, kocha hakuwa amefundisha timu ya wakubwa hata siku moja kabla ya hapo. Kilichoongezwa ni nini, ikiwa si namna ya kuuona mchezo, nayo ilitiwa katika vichwa vyao kwa njia gani, ikiwa si kwa maneno?

Real Madrid yenyewe ilielewa. Mwaka 1994 ilimwita aliyeinyima makombe mawili aje ailetee moja, naye akaileta mwaka wa kwanza. Alimchukua Fernando Redondo kutoka Tenerife, akakatiza mfululizo wa Barcelona wa kutwaa ubingwa kwa miaka minne, na mwezi wa Januari 1995 akaicharaza Barcelona hiyohiyo 5-0, mwaka mmoja tu baada ya Madrid kufungwa idadi hiyohiyo.

Ningekuwa wakili wa Valdano ningeishia hapo. Lakini mimi si wakili wake, na yanayofuata hayamsaidii. Msimu wa pili mambo yaliharibika, na mwezi wa Januari 1996, baada ya kushindwa nyumbani na Rayo Vallecano, alifutwa kazi. Mwishoni mwa mwaka huo akachukuliwa na Valencia, na Septemba 1997, baada ya kuanza vibaya msimu mpya, akafutwa huko nako. Hakuwa ametimiza miaka 42. Hakufundisha tena timu yoyote. Ukihesabu, kazi yake yote ya ukocha haikufika miaka sita, na kombe lake la ligi ni hilo moja. Wanaomcheka wana hesabu upande wao.

Nimelifikiria jambo hili sana, na maoni yangu ni kwamba ufasaha una gharama ambayo mtu mnyamavu hailipi. Kocha asiyesema lolote akishindwa, ameshindwa mechi. Kocha aliyetangaza kwamba timu yake itacheza kwa uzuri akishindwa, ameshindwa mara mbili, maana mashabiki humpima kwa kipimo chake mwenyewe. Maneno ya Valdano yaliwapa wachezaji wa Tenerife kitu cha kupigania. Huko Madrid, ambako kila mtu tayari anadai, maneno yaleyale yakawa orodha ya madeni. Nadhani pia alipenda mno kusikilizwa. Hilo ni gonjwa la kazi yetu sisi wahadhiri, nalitambua hata nikiliona kwa mbali.

Na kuna siku ambayo ulimi wake ulimponza waziwazi. Mwaka 2007 Liverpool na Chelsea zilikutana katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, mechi ngumu, kavu, ya kukabana makoo. Valdano aliandika katika gazeti la Marca, kwa maneno ambayo hapa itabidi niyapake sukari, kwamba ukikitundika kinyesi kwenye kijiti katikati ya uwanja wenye mashabiki motomoto kama ule, watakuwapo watu wa kukuambia kuwa hiyo ni sanaa. Akaongeza kwamba makocha wa timu hizo, Rafael Benítez na José Mourinho, hawakufika mbali kama wachezaji, na ndiyo sababu hawakiamini kipaji cha mchezaji. Mfano ule wa kijiti ulichekesha Ulaya nzima. Hoja ya pili haikuwa ya haki, na mtu wa elimu yake alipaswa kujua kwamba kumshambulia mtu kwa asili yake si kuijibu kazi yake. Wahenga walituonya kwamba ulimi hauna mfupa. Miaka mitatu baadaye Valdano alikuwa mkurugenzi mkuu wa Real Madrid, na klabu ikamwajiri nani kuwa kocha? Mourinho. Walikaa nyumba moja mwaka mmoja, kama fahali wawili katika zizi, na mwezi wa Mei 2011 rais wa klabu, Florentino Pérez, alipolazimika kuchagua, alimchagua yule aliyekuwa kocha. Mwanafalsafa akaondoka.

Basi maneno yalimjenga na maneno yalimbomoa, na kwangu mimi huo ni ushahidi dhidi ya wale wanaosema kwamba maneno si kitu. Kisicho kitu hakimbomoi mtu.

Kuna kazi yake nyingine ambayo walimu wa fasihi wangeipenda. Mwaka 1995, katika mwaka uleule aliotwaa ubingwa, alikusanya na kuchapisha kitabu cha hadithi fupi kuhusu kandanda, zilizoandikwa na waandishi wakubwa wa lugha ya Kihispania, miongoni mwao Mario Benedetti wa Uruguay, Augusto Roa Bastos wa Paraguay na Javier Marías wa Uhispania. Wasomi wengi wa huko walikuwa wameuona mchezo huu kuwa burudani ya wasiofikiri, na wachezaji nao waliviona vitabu kuwa shughuli ya wasioweza kukimbia. Kocha wa Real Madrid alisimama katikati akawapa mikono pande zote mbili. Mkusanyo wa pili ulifuata mwaka 1998.

Nilipousikia mradi huo kwa mara ya kwanza nilimkumbuka marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetutoka mwaka 2025. Sisi tuliokulia mbali na viwanja vikubwa hatukuziona mechi alizozitangaza redioni, tulizisikia. Kona ilipigwa na maneno, kipa aliruka kwa maneno, na tulipopiga kelele ndani ya nyumba isiyo na televisheni tulikuwa tunashangilia maneno tu. Hakuna aliyetuambia kwamba hatujashuhudia mechi. Lugha yetu inao utajiri huo wa gozi, kabumbu, kimiani na nunge, nao ulizaliwa vinywani mwa watu wa namna hiyo. Bado nangoja mtu awaite waandishi wetu wa hadithi fupi awaambie wauhamishie vitabuni. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeisoma fasihi kwa kusukumwa huenda akaisoma hiyo bila kusukumwa.

Nimekiacha nyuma kisa kimoja kwa makusudi, kwa kuwa ndicho ninachokitaka kibaki na walimu wenzangu.

Mwezi wa Oktoba 1994, Valdano akiwa kocha wa Madrid kwa miezi michache tu, timu ya vijana ya klabu hiyo ilikuwa na mshambulizi mwembamba aliyeitwa Raúl González. Alikuwa na miaka 17. Mshambulizi aliyekuwa na nafasi katika timu ya wakubwa alikuwa Emilio Butragueño, kipenzi cha Madrid yote, aliyecheza bega kwa bega na Valdano katika zile jioni za Anderlecht na Mönchengladbach. Kumpa nafasi mtoto kulimaanisha kumwondoa rafiki. Valdano amesimulia kwamba alimuuliza kijana kama anajiona yuko tayari, na kijana akamjibu kwamba, kocha akitaka kushinda ampange yeye, na kama ana nia nyingine ampange mwingine. Wapo walimu wengi ambao wangemtuma mtoto huyo kwenda kufyeka nyasi kwa jeuri. Tarehe 29 Oktoba 1994, ugenini dhidi ya Zaragoza, klabu ya zamani ya Valdano mwenyewe, Raúl alianza mechi.

Alikosa. Hakukosa mara moja. Alipata nafasi za wazi, moja baada ya nyingine, na akazipoteza zote. Madrid ilishindwa 3-2. Hebu fikiria, msomaji, nafasi aliyokuwa nayo kocha yule baada ya mechi: timu kubwa imefungwa, gwiji ameketi benchi, mtoto wa miaka 17 amepaisha ushindi, na nchi nzima ya Uhispania inatazama. Neno moja tu lingetosha. Najua, maana mimi nililisikia langu nikiwa na miaka kama 15, tena kwa kosa dogo kuliko hayo.

Wiki moja baadaye, tarehe 5 Novemba, Madrid ilikuwa ikicheza nyumbani dhidi ya Atlético, mahasimu wa mji mmoja na klabu ambayo Raúl alilelewa katika timu zake za watoto. Orodha ya wachezaji ilipotolewa, jina lake lilikuwamo tena miongoni mwa kumi na mmoja wa kwanza. Madrid ilishinda 4-2. Kijana yule, ambaye kabla ya kuondoka klabuni hapo mwaka 2010 alikuwa ameifungia mabao 323, siku ile alifunga la kwanza.